Jua Rasmi la Quillahuara

Ilitangazwa kwa tarumbeta mbili na waraka wenye mihuri mitatu kwamba jua la Quillahuara, kule nyanda za juu za Chile, halitapimwa tena ovyo ovyo. Litakadiriwa. Kila miezi mitatu kompyuta ya Idara ya Anga Isiyo na Mawingu itachagua vipimo vya juu kabisa vya kila saa, na hivyo ndivyo vitakavyokuwa jua kamili la serikali.

"Kwa hiyo kufuta kioo hakuhitajiki," Don Baltazar, mkurugenzi, alimwambia Nieves Choque. "Takwimu zinajisafisha zenyewe. Miezi hii mitatu ni ya majaribio. Tukifaulu, kazi yako imekwisha."

Kwa miaka tisa Nieves alikuwa akipanda paani kila asubuhi na kitambaa cha sufu, kufuta chumvi na vumbi kwenye kioo cha kipimajua. Kazi nyingine mjini haikuwepo.

"Lakini Don," alisema akitazama viatu vyake, "kioo kikiwa kichafu kila siku, hata siku iliyo bora itakuwa chafu."

"Hilo ni vumbi, mama. Sisi tunaongelea takwimu."

Miezi mitatu ikapita bila kioo kufutwa. Jua likatoka nusu ya lile la zamani. Idara ilifurahi sana, maana siku zote zilifanana. Waraka Namba 14 ukafuata: kwa kuwa jua limethibitika kuwa la upole, mtumishi yeyote atakayevaa kofia kazini atahesabiwa kuwa anaitilia shaka Idara.

Siku ya uzinduzi wa jua hilo rasmi Don Baltazar alihutubia kwa muda wa saa mbili, adhuhuri, kichwa wazi.

"Vaa kofia, Don!" alipiga kelele muuza supu. "Utaiva kama nyama ya lama!"

"Jua la leo ni la wastani, ndugu yangu."

Alipofika kwenye shukrani, masikio yake yalikuwa mekundu kama nyanya na paji la uso limefura malengelenge.

Kesho yake alikwenda zahanati kuomba ruhusa ya ugonjwa. Muuguzi Rosaura alishika kalamu.

"Umeunguzwa na nini?"

"Na jua! Huoni?"

"Naona, Don. Ila jua lililosajiliwa haliunguzi. Hii hapa sahihi yako kwenye waraka. Niandike mafuta ya kukaangia?"

"Mimi sikaangi!"

"Basi huumwi. Nenda kazini."

Na kazi ya wiki hiyo ilikuwa kukagua mapaa.

Alimkuta Nieves mlangoni kwake akimenya viazi.

"Nieves, mwanangu, panda ukafute."

"Majaribio si yalifaulu, Don?"

"Usinitanie, ngozi inabanduka!"

"Nitapanda kwa barua," alisema kwa sauti ndogo. "Ya ajira ya kudumu. Mihuri mitatu."

Barua ililetwa kabla viazi havijaiva. Nieves akapanda, akafuta mara moja, na kipimo kikaruka maradufu.

"Afadhali!" Don Baltazar alishusha pumzi. "Niazime kofia yako nikaendelee na ukaguzi."

Nieves aliikaza kofia yake kichwani vizuri. Yeye waraka wa kofia haukumgusa. Barua yake ilikuwa ya kuanzia kesho.

"Samahani, Don," alisema akitazama viatu vyake. "Kompyuta inakadiria kila miezi mitatu. Na makadirio yaliyozinduliwa jana ndiyo kwanza yameanza kutumika."