Mwenye Lava Ndiye Mwenye Shamba

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimetajirika! Redio imeeleza historia ya Nyiragongo, volkano jirani na jiji la Goma. Lava yake nyepesi kama uji. Mwaka 2002 ilishuka hadi katikati ya mji, ikazika nyumba na barabara. Mke wangu Orpah akawasikitikia watu wa Goma. Mimi nikamfikiria Machogu. Jirani huyu ana majani chai mazuri kupindukia, hapo mlimani, juu ya boma langu. Na udongo wetu wa Manga, kila mwanafunzi anajua, ulitokana na volkano za kale. Volkano ya nani? Nyuma ya nyumba yangu kuna shimo la mviringo!

Jumanne, 4 Machi
Nimemwarifu Machogu kwamba chai yake inakula lava yangu. Akaniuliza kama nimekunywa chai asubuhi. Dharau! Naibu wa chifu amekubali kuja Alhamisi kutuamua. Nimemwalika pia Mwalimu Jemimah, anayefundisha jiografia kule Gesima. Orpah anasema nitamwaibisha. Nimemwambia atafute kikapu cha kuchumia chai.

Alhamisi, 6 Machi
Umati! Nimetangaza: mwenye lava ndiye mwenye shamba. Nikataka tuape kuifuata kanuni hiyo. Tukaapa, Machogu wa kwanza, tena akitabasamu.

Kisha Mwalimu akachungulia shimo. Mzee Nyasani, jirani wa siku nyingi, akakohoa, akasema alilichimba yeye na marehemu baba yangu. Choo. Kicheko hicho! Nikasema basi lava ilitokea kwingine. Mwalimu akaeleza kuwa volkano zetu zilikufa na kumomonyoka zamani mno, hakuna ajuaye midomo yake ilikuwa wapi. Ila lava huteremka, haipandi.

Watu wakatazama kwa Machogu, juu. Wakatazama kwangu, chini. Ala! Machogu, kwa upole wa kuudhi, akasema shamba lote hataki, migomba ya Orpah itamtosha. Naibu wa chifu akanikumbusha kiapo.

Ijumaa, 7 Machi
Orpah ameenda kwao Kebirigo. Atarudi, amesema, siku migomba yake itakaporudi. Nimepika ugali, ukaungua. Namkosa, jamani. Si kwa ugali tu.

Jumamosi, 8 Machi
Sabato. Sikwenda kanisani, nimeshinda na redio. Kumbe volkano hutoa na majivu, na majivu hupeperushwa na upepo hata kupanda milima. Kupanda! Na upepo wa jioni hapa hutoka jikoni kwangu moja kwa moja hadi kwa Machogu. Nimemtumia Orpah ujumbe arudi, tumeshinda. Naibu wa chifu nitamwona Jumatatu. Mwalimu Jemimah lazima aje tena. Kesi nzito hivi haiendi bila mtaalamu.