Kisigino Changu na Mjane wa Oldonyo Sambu

Jumatatu, 5 Julai 1954
Ukungu umelala juu ya migomba, Mlima Meru hauonekani kabisa. Nimeota natembea juu ya ukungu huo, laini kama pamba. Nikaamka, nikakanyaga sakafu. Mama yangu! Kisigino kimekakamaa kama kuni. Dada yangu Lydia asema ni baridi yabisi, mguu ule ule niliouvunja nilipoanguka kutoka paa la kanisa. Nimemkatalia. Jumapili Magdalena, mjane wa Oldonyo Sambu, anakuja na baba yake kuona shamba langu. Mchumba hachechemei! Jirani yangu Sumari naye anamtaka, na miguu yake yote mizima. Mtu gani huyo!

Jumatano, 7 Julai
Hospitali, mjini. Daktari Paramjit kakipinda kisigino kushoto, kulia. Nimeona nyota mchana. Asema kifundo ni kizima; kinachouma ni kiungo kilicho chini yake, juu ya mfupa wa kisigino, kile kinachouwezesha wayo kujipinda kwenye mawe na miteremko. Tangu nivunjike, ulaini uliokuwa kati ya mifupa umelika, na hauoti tena. Dawa ya maumivu baada ya chakula, buti ngumu za kufunga juu ya kifundo, fimbo, miteremko niiache. Ikishindikana, watapasua waiunganishe mifupa. Nimeuliza kama nitacheza harusini. Asema nikitii, huenda. Nimerudi nacheza moyoni.

Ijumaa, 9 Julai
Buti, dukani kwa Dinesh. Ajabu! Nimetembea barabara nzima kama ndotoni, maumivu siyahisi. Kisha nikajitazama kiooni. Askari mtupu! Nimezisukuma chini ya kitanda. Mpango mpya: viatu vyembamba vya kung'aa, na ndani yake mafuta ya kondoo. Lerionka, mfugaji auzaye sokoni Ngaramtoni, ameapa yanalainisha hata jiwe. Mbwa wamenifuata hadi nyumbani.

Jumapili, 11 Julai
Mpango: nisinyanyuke kitini, shamba nilionyeshe kwa kidole. Mzee Sakaya, baba yake Magdalena, ameitikia shikamoo yangu kwa kusita, akasema anataka kuushika udongo. Tukateremka kwenye kahawa. Mguu ukateleza ndani ya kiatu, nikabiringika hadi shambani kwa Sumari. Akanibeba mgongoni, mbele ya Magdalena! Mwanamke kacheka mpaka kashika mgomba. Halafu akachuchumaa, akanifuta tope, sauti imeshuka. Marehemu mumewe alificha goti lake hivi hivi, mpaka akashindwa kutoka kitandani.
"Elieza, mimi nataka mtu wa kutembea naye," akasema. "Vaa buti. Nitarudi baada ya mavuno."
Atarudi! Sumari kakunja uso.

Jumanne, 13 Julai
Jana nimeshinda ndani ya buti, fimbo mkononi. Mguu kimya. Leo mawingu yamefunguka, kilele kinaelea hewani. Nimemwelewa Magdalena vizuri sana: anapenda buti. Basi nimezing'arisha, nimezifunga kwenye kitambaa zisichakae mpaka arudi. Sasa navaa vile vyembamba. Sumari ananisubiri nje. Nimemwambia leo nitamtangulia kufika msituni, huko juu mlimani.