Mke Wangu Ni Mshiriki Nambari 417

Mutuini, Dagoretti Kusini
Jumanne, 14 Oktoba 2025

Kwa Daktari Jyoti,
Mkuu wa Utafiti wa Mapafu ya Waliozidiwa na Korona,
Parklands.

Mpendwa Daktari,

Nakuandikia mimi, Gerishon Muigai, mkulima na mzee wa kanisa, mume wa Wamucii ambaye ninyi mnamwita Mshiriki Nambari 417. Natumaini wewe na mashine zako hamjambo. Sisi hapa hatujambo, na hilo ndilo ninalolalamikia. Kwa heshima zote, naomba mumtoe mke wangu katika utafiti wenu.

Unakumbuka mambo yalivyoanza. Mwaka 2021 Wamucii alishikwa na kikohozi Jumapili. Kufikia Alhamisi hakuweza kumaliza sentensi, na kwa mtu kama yeye nikajua hiyo ni hatari. Alikaa hospitalini kwenu siku kumi na tisa kwenye oksijeni. Mimi sikuruhusiwa kuingia. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikitazama dirisha la ghorofa ya tatu, mpaka mama anayechoma mahindi pale akaanza kunisalimia kwa jina. Alipotoka, mkamwomba aingie katika utafiti, mjue mapafu ya watu kama yeye yanaendeleaje. Nilitia sahihi kama shahidi nikidhani ni mambo ya wiki mbili. Sasa ni miaka minne, na malalamiko yangu ni haya:

1. Kila baada ya miezi mitatu mnampa bomba apulize kwa nguvu. Tangu hapo hapulizi kitu kingine chochote. Jiko likikataa kushika moto, naitwa mimi. Amesema pumzi yake ni ya sayansi. Juzi mishumaa ya keki ya mjukuu wetu niliizima mimi, nikiwa na mafua, na keki haikuliwa.

2. Huko kwenu mnamtembeza dakika sita, Nesi Maureen akimfuata na saa. Ni zoezi zuri, likiwa hospitalini. Hapa Mutuini, Nesi Maureen ni mimi. Kila jioni namfuata mke wangu barabarani, mkono mmoja saa, mkono mwingine kiti cha plastiki, asije akachoka. Vijana wa boda boda wamenibandika jina la Kiti. Jumapili iliyopita hata mchungaji alianza kulitamka, akajirudi.

3. Fomu yenu iliuliza: je, kuna kitu nyumbani kinachokukosesha pumzi? Akaandika: Gerishon. Kwa hiyo niko kwenye kompyuta yenu pamoja na vumbi na moshi wa kuni. Naomba angalau nitenganishwe na kuni.

4. Mlimpa kile kibanio cha kidole kinachopima oksijeni. Daktari, mlifikiria kweli? Tukianza kugombana ananibana kidole, anasoma tisini na saba, halafu ananiambia kwa upole, "Hewa uko nayo. Sasa kelele ni ya nini?"

Lakini hilo ni dogo. Mwezi wa tatu wageni walikuja kwa posa ya binti yetu Ciru. Msemaji wao alikuwa Mzee Mwololo, mjomba wa kijana. Tulikuwa tumefika kwenye idadi ya mbuzi wa mahari, na nilikuwa nashinda, Wamucii alipoanza kuwapitia wageni na kibanio chake kama mtu anayekusanya sadaka. Mzee Mwololo akatoka themanini na nne. Akasema ni baridi ya Mutuini tu. Wamucii akamwambia, "Mzee, wewe huendi kula. Unaenda hospitali." Akapakiwa garini na chakula kikiwa mezani. Kumbe mapafu yalikuwa yameharibika, na daktari wa huko akasema angechelewa siku moja tungekuwa tunazungumza mengine. Alilazwa wiki mbili, akapona.

Nafurahi alipona. Lakini tangu siku hiyo wakwe hawabishi. Lolote Wamucii analosema, wanaitikia na kushukuru. Nilijitayarisha miezi mitano kwa ubishi huo.

5. Nimeona nakala ya faili lake. Ukurasa wa pili pameandikwa: "Wengine nyumbani: mmoja. Hakuugua." Nani aliwaambia sikuugua? Kirusi sikuwa nacho, nakubali. Ila nilikonda mpaka suruali ya harusi ikanitosha, na asubuhi nilikuwa namsimulia ng'ombe ndoto zangu. Hakuna aliyevuka barabara kuja kunipima. Utafiti gani huo unaoruka mtu mzima?

6. Hili ndilo limenishikisha kalamu. Wiki jana nilimwomba tukubaliane, kama watu wazima, nani atazikwa upande wa migomba. Akasema hilo lingoje, hawezi kufa kabla Daktari Jyoti hajamaliza kuhesabu, kwani alitia sahihi. Daktari, tumeoana miaka thelathini na minne. Zile siku kumi na tisa nilimwomba asife, nikiongea na dirisha, wala hakuniahidi kitu. Ninyi amewaahidi kwa fomu moja. Naona wivu, na sioni haya kuuandika.

Kwa hayo yote, naomba jina lake lifutwe, kibanio kirudishwe, nami niachiwe mke wangu jinsi alivyokuwa.

Msalimie Nesi Maureen, mlinzi wa lango lenu, na yule mama wa mahindi kama bado yupo.

Ni mimi niliyeachwa nje ya hesabu,

Gerishon Muigai

Tanbihi: Bahasha ilikuwa imeshafungwa Nesi Maureen alipopiga simu kusema utafiti unafungwa Desemba. Wamucii amesema "sawa", na tangu hapo ameketi jikoni bila neno. Tafadhali usisome yote yaliyo hapo juu. Ongezeni miaka. Kumi hivi, kwa kuanzia. Kama mnasema mmemaliza kujua juu ya mapafu, pimeni magoti. Anayo mawili na yote yanamsumbua. Na kama mnakosa mshiriki mpya ili msifunge, mimi ni mzima kabisa, na naweza kufika kesho asubuhi.