Urais kwa Bei ya Pikapu

Wenceslao Treviño alikuwa anakula taco, chapati ya mahindi iliyokunjiwa maharage, aliyonunuliwa na mtu mwingine, na ndiyo maana masikio yake yalikuwa wazi. Anayekula cha kwake huinamia sahani. Anayekula cha mwenzake hubaki na nafasi ya kusikiliza ya watu. Meza ya nyuma yake waliketi waandishi wa habari wawili wakilalamika.

"Uchaguzi wa chama ni Jumamosi ijayo," alisema mmoja, mwandishi wa michezo, jamaa mnene aitwaye Saldívar. "Doña Eduviges anasema safari hii anang'atuka kweli."

"Sasa nani atashika urais?"

"Wewe."

"Thubutu. Kwani nimekukosea nini?"

Wences akaacha kutafuna. Kila mtu hapa mjini Corpus Christi aliyewahi kushika kalamu alikijua Chama cha Waandishi wa Habari Walatino, na alijua kwamba kukiongoza ni adhabu. Rais ndiye anayeomba ukumbi wa parokia, ndiye anayepanga viti, ndiye anayezungukia kina mama kuwabembeleza wapike tamale, vile vibunda vya unga wa mahindi na nyama, za usiku wa kuchangia wanafunzi, na zikitoka kavu ndiye anayesemwa mji mzima. Doña Eduviges Villarreal aliubeba mzigo huo miaka nenda rudi kwa sababu kila uchaguzi wenzake walitazama dari.

Mwizi wa kawaida huiba kitu cha thamani. Wences, tumpe heshima yake, alikuwa mtu wa daraja la juu: yeye alitafuta kitu kisichotakiwa na yeyote, kisha akatafuta mtu wa kukililia. Kazi hiyo ilimlisha miaka mingi. Alikwisha wauzia wenye maduka tuzo za "Raia Bora wa Mwaka" mpaka mtaa mzima ukawa na raia bora na hakuna raia wa kawaida.

Lakini siku hizo mambo yalimwendea kombo. Mkewe alipoondoka aliondoka na gari, na hapa Texas mwanamume asiye na gari ni nusu mtu. Alisimama kituo cha basi jua likimchoma utosi, majirani wakimpita ndani ya viyoyozi vyao wakimpungia mkono kwa huruma. Ile huruma ndiyo iliyomuuma. Angevumilia matusi.

Kwa hiyo alipomaliza taco yake alikuwa ameshajua anauza nini, na kwa bei gani. Kesho yake akaenda kwa Don Fidencio Longoria.

Don Fidencio aliuza magari yaliyotumika, na mengine yalikuwa yametumika kuliko alivyosema. Mwezi uliotangulia televisheni ilimwonyesha mteja wake mmoja, mjane, akisukuma gari alilolinunua siku hiyo hiyo. Tangu hapo Don Fidencio hakuwa anapata usingizi.

"Wameniharibia jina," alisema, akimkaribisha Wences ofisini. "Mimi, ninayechangia kanisa."

"Mzee, wewe tatizo lako unapigana na mbwa badala ya kuzungumza na mwenye mbwa," Wences akajibu. Akasogeza kiti karibu. "Waandishi wana rais wao. Rais akikohoa, mwandishi anafuta."

"Anafuta?"

"Anafuta, na anaomba radhi."

Don Fidencio akainama mezani. "Huyo rais anapatikana vipi?"

"Anachaguliwa. Jumamosi ijayo. Na kura, mzee wangu, ziko kiganjani mwangu."

"Mimi si mwandishi."

"Kila Jumamosi asubuhi huongei redioni?"

"Natangaza magari yangu."

"Unaongea redioni. Hayo mengine ni maelezo."

Don Fidencio akacheka, kisha akajizuia, kwa maana mfanyabiashara akicheka bei hupanda. Akauliza kazi hiyo itamgharimu nini. Wences akageuza uso dirishani taratibu. Nje, mstari wa mbele, ilisimama pikapu nyekundu, matairi mapana, yenye kiyoyozi kinachotosha kugandisha nyama.

"Ile hapana," alisema Don Fidencio.

"Basi. Nitamwendea yule mshindani wako wa ng'ambo ya barabara. Naye redioni huongea."

Wakaafikiana kabla kahawa haijapoa. Pikapu itakabidhiwa pale pale ukumbini, dakika Don Fidencio atakapoitwa rais, si sekunde moja kabla. Mzee naye hakuzaliwa jana. Wences akatoka akipiga mluzi. Alikuwa ameuza maji mtoni, na mnunuzi alikuwa amesimama ndani ya mto.

Kilichobaki kilikuwa kidogo. Ili apendekeze jina, ilimpasa awe mwanachama, na wanachama waliandikishwa na Doña Eduviges mwenyewe, jikoni kwake. Mama huyo alisoma habari redioni miaka thelathini. Wazee wa mtaa wa Molina hawakuamini kwamba fulani amekufa mpaka walisikie jina lake likisomwa na mama huyo. Alimpa Wences kikombe cha kahawa ya mdalasini, akaketi, akamuuliza, "Na wewe, mwanangu, unaandikia gazeti gani?"

"Sauti ya Molina," Wences akasema. Gazeti hilo lilizaliwa sekunde ile.

Doña Eduviges akamtazama, akanyamaza.

Ukimya wa watu wengine ni uvivu. Ukimya wa mwandishi mzoefu ni ndoana. Wences, ambaye aliishi kwa ulimi, hakuweza kuvumilia nafasi iliyo tupu bila kuijaza. Akaongeza kwamba gazeti hutoka kila wiki. Mama akanyamaza. Akaongeza kwamba kwa sasa limesimama kidogo kwa ajili ya mtambo. Mama akakoroga kahawa. Akaongeza kwamba kwa bahati nzuri yupo bwana mmoja mkarimu, Don Fidencio Longoria, anayependa sana waandishi, na angekuwa rais mzuri.

"Unasema kweli?" aliuliza Doña Eduviges, akanyamaza tena.

"Ana moyo wa kutoa," Wences akasema, jasho likimtoka. "Siku hiyo yenyewe anakuja na pikapu. Atakabidhi."

Aliondoka pale akijiona bingwa. Hakutambua kwamba mama yule alikuwa amemuuliza maswali mawili tu, tena mafupi.

Jumamosi ukumbi wa parokia ulijaa kiasi cha kujaa: watu wa redio, wa magazeti, wa televisheni wakiwa bado na poda usoni, wote wakiwa wamekaa safu za nyuma kwa hadhari. Wences alikuwa amempanga Don Fidencio abaki nje garini mpaka aitwe. "Mgombea haketi na wapiga kura, mzee. Hata Papa hutokea dirishani." Don Fidencio alivaa suti ya harusi ya binti yake, na hotuba aliishika mkononi.

Doña Eduviges akafungua kikao. Akawashukuru wote, akasema magoti yake hayamruhusu tena kubeba viti, akauliza nani anajitolea. Ukumbi mzima ukapata jambo la kuchunguza darini. Wences aliona raha iliyoje! Akasimama.

"Mama, mimi ninalo jina. Don Fidencio Longoria, mtu wa redio, rafiki wa kalamu."

Hakuna aliyepinga, na hilo alilitarajia. Baadhi walitazamana. Saldívar alianza kukohoa kwa namna ya mtu anayeficha kicheko.

"Yuko wapi?" akauliza Doña Eduviges.

"Yuko nje, mama."

"Basi mlete tumwone."

Wences akatoka mbio. Na hapa ni lazima tumlilie kidogo, maana kosa hili asingelifanya mwandishi hata mmoja wa mji huu, hata aliyeanza kazi jana. Wao walizaliwa wakijua. Waliwahi kukaa na kibofu kilichojaa mpaka machozi yakawatoka; waliwahi kuacha simu za wakubwa wao ziite mpaka zikate; mmoja aliwahi kuambiwa gari lake linavutwa na akaketi hapo hapo akisema liende salama. Katika chama hiki haukuwapo mkutano wa uchaguzi ambao mtu alitoka nje akarudi bila cheo.

Alipoingia tena, akimshika Don Fidencio mkono, alikuta watu wamesimama wakipiga makofi. Don Fidencio akainua mikono yote miwili. Machozi yalimlengalenga.

"Asanteni," alisema, akikunjua hotuba. "Sistahili."

"Kweli kabisa," akasema Doña Eduviges. "Kaa, Don Fidencio. Hongera, Rais Wenceslao."

Makofi yakazidi. Wences akatabasamu kwa mazoea, kisha tabasamu likamshuka.

"Mimi? Mimi sikugombea."

"Hukukataa."

"Nilikuwa nje!"

"Ndiyo maana hukukataa," alisema Saldívar.

Don Fidencio alikuwa mzito wa kuelewa, lakini alipoelewa alielewa yote. Uso wake ukawa rangi ya pikapu. "Mwizi wee! Umechukua kiti changu na gari langu pia ulitake?"

"Mzee, ngoja nikueleze."

"Hupati hata tairi."

Wakati huo simu ziliinuliwa ukumbi mzima, kwa maana hawa walikuwa waandishi, na mikono yao haikungoja amri. Don Fidencio akajikuta mbele ya kamera kumi na tano kwa mpigo. Doña Eduviges akamkaribia na kipaza sauti, mpole kama siku ya ubatizo.

"Don Fidencio, juzi kwenye simu uliniambia unakuja na pikapu ya kumkabidhi rais akishachaguliwa. Ni kweli?"

"Nilisema, lakini..."

"Rais wa chama," alisema mama, "kwa kazi za chama." Akasogeza kipaza sauti karibu na mdomo wa mzee, akanyamaza.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Don Fidencio alitazama kamera, akamfikiria yule mjane na gari lake la kusukuma, akafikiria kichwa cha habari cha kesho.

"Ndiyo," alisema. "Kwa chama."

Mama hakusogea.

"Na mafuta," akaongeza Don Fidencio. "Ya mwaka mzima."

Mama alimtazama kwa upendo.

"Na yule mjane nitambadilishia gari," alisema kwa sauti ya mtu anayezama, akaushusha ufunguo kiganjani mwa Wences na kuketi.

Ukumbi ulilipuka. Wences akaukunja ufunguo ndani ya ngumi. Ulikuwa na joto la mfuko wa mwenzake. Mlango ulikuwa hatua chache, pikapu ilikuwa nje, na barabara ya kwenda mpakani aliijua vizuri.

"Mwanangu," Doña Eduviges alimnong'oneza, kipaza sauti kikiwa kimezimwa, "habari yako imeshaandikwa; ukikimbia, inatoka. Hapa hatuchapishi neno la mtu mmoja; lazima athibitishe wa pili. Wa pili alikuwa Don Fidencio, nilipompigia kumpongeza."

"Na wa kwanza?"

"Wewe, jikoni kwangu."

Wences akautazama mlango, kisha ufunguo. Mwishowe akasema, "Najiuzulu."

"Haki yako. Mpe ufunguo atakayekubali."

Akageuka kuwatazama wanachama wake. Mmoja alifunga kamba ya kiatu, mwingine akafungua ili apate ya kufunga. Saldívar alikuwa amekishika kiti alichokalia kwa mikono miwili.

Basi ikawa hivyo. Jumamosi iliyofuata, kabla jua halijawa kali, Rais wa Chama cha Waandishi wa Habari Walatino alipakia viti vyote vya parokia nyuma ya pikapu, akavifunga kamba, akaketi nyuma ya usukani. Ufunguo alikuwa amepewa mlangoni na Doña Eduviges, na alitakiwa kuurudisha mlangoni. Akawasha kiyoyozi. Ubaridi ukamwingia mikono ya shati, ukashuka mgongoni, na injini ikanguruma kwa ustaarabu.

Gari lilikuwa zuri kweli, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Akachukua njia ndefu, akaendesha taratibu kando ya maduka akiwa ameegemeza kiwiko dirishani, viti vikigongana nyuma, mpaka simu ikaita.

"Rais," ilisema sauti ya Doña Eduviges, "watu wamesimama."

"Nakuja, mama," akasema Wences, akakata kona.