Azalea ya Babu wa Mkurugenzi

Siagi alikuwa kwenye foleni ya supamaketi na kipande cha sabuni mkononi, wala hana haraka. Mtu wa kazi yake husikiliza foleni kama wengine wanavyosikiliza redio. Mbele yake makarani wawili wa halmashauri walikuwa wakilia njaa ya kitu kisicholiwa.

"Bonsai ya miaka mia nitaitoa wapi mimi?"

"Waziri anazihusudu. Ijumaa anafungua bustani. Mti usipokuwepo, na sisi hatupo."

Bonsai, kwa asiyejua, ni mti uliodumazwa makusudi. Unakatwa, unafungwa waya, unabanwa kwenye chungu kifupi, kisha wakubwa wanausifu kwa uvumilivu. Raia nao hulelewa hivyohivyo, ila hakuna anayewaweka mezani.

Siagi akageuza shingo. Karibu na mifagio zilipangwa azalea za kwenye vyungu, zimeshushwa bei kwa kuwa maua yameanza kunyauka. Akarudisha sabuni, akachukua azalea.

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake. Tangu mkewe afariki, wawili hao walibaki katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, kila mmoja akimwombea mwenzake apunguze maneno. Mama aliuza maua maisha yake yote kwenye kibanda cha lango la bustani, mpaka halmashauri ilipokibomoa kupisha "mandhari." Mandhari yenyewe ikawa vibanda vipya vya bati palepale, na funguo zikalala kwenye droo ya Mkurugenzi wa Bustani. Mama bado aliamka alfajiri, akavaa aproni, kisha akaketi kitandani. Siagi angeweza kumdanganya mtu yeyote mjini, lakini aproni ile hakuweza kuitazama.

"Mama, hii inaweza kuwa bonsai?"

"Azalea ya dukani?" Akaipindua, akaifukua kwa kidole. "Inaweza, mkwe, ukiwa na subira. Azalea haiogopi mkasi, hata ukiikata mpaka kwenye ukuni mkongwe itachipua. Lakini hii imelelewa kwenye joto itoe maua haraka iuzwe. Shina kama njiti ya kiberiti! Tena si mti mmoja, ni vipandikizi vinne vimesongwa ili chungu kionekane kimejaa. Ukianza leo, bonsai ataiona mjukuu wako."

"Mjukuu sina. Nina mpaka Ijumaa."

Akavikusanya vile vinne, akavikaza kwa waya vikawa shina moja nene kama kifundo cha mkono, akapaka udongo na majani ya chai. Mama akatazama, akasonya, lakini mkasi akampa.

Mkurugenzi aliupokea mti kwa macho ya mwanazuoni. Alikuwa amesoma ng'ambo, na alihakikisha kila anayeingia ofisini anatoka akijua.

"Umri wa bonsai ni unene wa shina," alisema akilipima kwa vidole.

"Msomi hafichwi kitu, mheshimiwa. Lakini huyu ni mzee wetu. Mzee hauzwi, hukabidhiwa tu kwa mtu anayejua kuheshimu wazee. Na mkabidhi naye hupewa kifuta jasho kidogo. Tuseme, ufunguo wa kibanda."

"Utaupata Ijumaa, mbele ya Waziri, upigiwe makofi."

Ijumaa Siagi akaja na koti la kuazima. Mama akaja na aproni iliyopigwa pasi na ndoo ya maua. Waziri akainama juu ya chungu, akauliza mti umetoka wapi.

"Ni wa babu yangu, mheshimiwa," alijibu Mkurugenzi, sauti ikitetemeka. "Alipokuwa akikata roho alisema, mjukuu wangu, usimwache akapata kiu."

Siagi alishaiba mengi, lakini hajawahi kuibiwa uongo.

"Na huyu aliyenyoosha mkono?"

"Mtunza mti wangu. Anajitolea. Ameapa kwamba mti ukifa, yeye atalala polisi."

Makofi yakalipuka. Siagi angesema nini? Kusema kweli kungekuwa kujishtaki. Akapiga makofi naye.

Waziri alipoondoka, Siagi akamnong'oneza Mkurugenzi. "Ufunguo, mheshimiwa?"

"Kibanda kapewa shemeji yangu, anauza soda. Na siku nyingine uifiche vizuri ile waya. Mashina manne, ndugu! Unadhani nimekaa kiti hiki miaka yote kwa ujinga?"

Siagi akarudi mikono mitupu kwa mama mkwe, aliyekuwa amesimama langoni kando ya meza ya mti.

"Hongera, mkwe," alisema mama. "Katika ukoo wetu, wewe ndiye wa kwanza kuingia halmashauri bila kuiba."

"Usinicheke, mama. Mti huu ukifa nimekwisha."

"Basi fungua waya kabla haijaukaba. Na maji ya bomba usiupe, yana chokaa. Azalea inataka maji ya mvua."

Siagi akatazama mbingu. Hakukuwa na hata wingu la kuombea. "Na mvua yenyewe?"

"Hiyo bado hawajampa shemeji."

Mama akaokota ndoo tupu ya bustani, akaigeuza, akaikalia mbele ya kibanda cha soda, akaanza kuita wateja. Askari wa jiji akaja mbio na kirungu.

"Mama, hapa hapauzwi!"

"Sawa, mwanangu, nakwenda. Ila huyu mkwe wangu hajui kumtunza babu wa Mkurugenzi, mimi ndiye ninayemwelekeza. Akifa, utaenda kueleza wewe?"

Askari akautazama mti, akamtazama mama, akautazama mlango wa ofisi. Kisha akanunua waridi.