Hatua Nne Hadi kwa Bi Nukta

Jumatatu, 4 Machi

Siku mbaya. Skrini mpya zimeletwa, nyembamba kama sinia. Wenzangu wamepiga makofi. Mimi nimekohoa tu. Miaka kumi na moja mimi na Bi Nukta tumechapa barua za idara kwenye skrini moja ya kizamani, yenye chogo kubwa nyuma: yeye akisoma rasimu na kutamka kila nukta, mimi nikibonyeza, bega kwa bega. Tulianza enzi za herufi za kijani kwenye kioo cheusi. Zikaja rangi, bega kwa bega bado. Sasa kila mtu na skrini yake! Meza ya Bi Nukta iko hatua nne kutoka kwangu. Nimezipima.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata akili. Nimechomoa waya wa skrini yangu, nikamwambia bosi imekufa, nikaanza kukusanya kalamu nihamie kwa Bi Nukta. Bosi akasema mchapaji hodari hawezi kuteseka hivyo, akanipa ya kwake, inchi ishirini na saba. Balaa! Jana nilikuwa naona uso wa Bi Nukta. Leo skrini imenikinga, sioni hata kilemba.

Jumatano, 6 Machi

Nimefika kazini kabla ya mfagiaji. Safari hii nimelegeza waya wa skrini ya Bi Nukta. Atakuja kwangu tu, aende wapi? Akamwita fundi wa kompyuta, yule anayejimwagia marashi. Fundi akavuta kiti, akakaa ubavuni pake. Waya aliukaza kwa dakika moja. Dakika thelathini na tisa akamfundisha kupunguza mwanga. Kazi ya vitufe viwili!

Alhamisi, 7 Machi

Nimemlalamikia bosi kwamba skrini mpya zinaniumiza macho. Akaniruhusu nichukue ya zamani stoo. Nimeibeba peke yangu, kiuno kimelia. Chogo lake halikuenea mezani, nikahamishiwa meza ya mlangoni. Hatua tisa! Lakini ilipowaka, Bi Nukta alikuja mwenyewe. Akaweka kiganja juu ya kioo, kikatatarika kama zamani, vinyweleo vya mkono vikamsimama, akacheka. Akaniuliza kama nazikumbuka zile herufi za kijani. Nilitaka kumwambia kwamba ninayemkumbuka ni yeye, kila siku, na yuko chumba hiki hiki. Nikasema zilikuwa hazichoshi macho. Punguani mimi!

Ijumaa, 8 Machi

Picha ya skrini yangu ya zamani imesinyaa ikawa doa dogo katikati, kisha doa likazimika. Ndio basi. Nimeumia kama niliyefiwa. Bi Nukta alinikuta nimekiinamia kioo kitupu. Akasema, taratibu, kwamba kama shida yangu ni kukaa naye, si ningevuta kiti tu tangu Jumatatu? Upande wake wa kushoto aliuacha wazi makusudi. Jumatatu ijayo pia utakuwa wazi, ila hatasubiri mpaka azeeke. Nimerudi nyumbani nacheka peke yangu. Dada akaniuliza nimeokota nini.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefikiri Jumamosi na Jumapili nzima. Kuvuta kiti hivi hivi, watu watasemaje? Lazima pawe na sababu. Kwa hiyo asubuhi nimeng'oa gurudumu la kiti changu, nikose pa kukaa, anikaribishe mbele za watu. Bosi akanituma nikipeleke kwa seremala. Foleni! Nimerudi jioni, fundi amekaa kushoto kwa Bi Nukta, bega kwa bega, wanasoma skrini moja. Bi Nukta hakuinua macho. Imeniuma sana.

Ila sijashindwa. Kiti cha fundi nacho kina magurudumu. Kesho naenda na bisibisi.