Waya Yangu na Antene ya Bilali

Siku ya kwanza, tarehe 5 mwezi wa tatu 2001

Hii cahier ni ya binti yangu Rébecca, aliiacha hapa Bulengera mbele ya vita. Karatasi ziko tupu, naandika mimi. Nilisoma miaka mbili tu. Ilinitosha. Kuna bantu walisoma kumi na mbili na hawajui kusonga fufu.

Rébecca yuko Kinshasa, ngambo ya vita. Barabara hakuna, barua hakuna. Mimba yake ya kwanza imetimiza myezi tisa. Akizaa mwanaume, ni Mumbere. Akizaa mwanamuke, ni Masika. Sisi Banande hatusumbuki na majina. Mais nani ataniambia ni nani kati yao?

Jirani Bilali iko na foni, ile mashini ya kusema na bantu ba mbali. Kinshasa inaitika siku ya posho tu, ile ya sita, saa tatu ya asubui. Nilimwambia aniweke wa kwanza. Akasema: Koko (wote wananiita hivyo, kwa uzee), kuna mulolongo, wewe ni wa kumi na tisa. Kumi na tisa! Nyuma ya bantu ba Kamango, wenye wanalala kwa baraza yake na kuku zao!

Nilirudi jikoni na hasira. Nikaangalia juu. Mungu ni mukubwa! Antene yake, ile waya ndefu ya foni, inapita juu ya kiwanja yangu, na pale katikati inagusa waya yangu ya kuanikia nguo. Donc anatumia waya yangu. Donc mimi ni wa kwanza.

Siku ya pili, tarehe 6

Nilimwita Kitsa, shefu ya avenue. Nikamusimamisha kwa mulango ya jikoni. Akakubali: zinagusana. Kwisha!

Hapana. Sofia, bibi ya Bilali, akamuvuta mpaka kwa mulango yake. Eti kutoka kule ngombe inapita katikati yazo. Nikamuuliza kama ngombe za kwao zinaruka. Shefu akaenda nyuma ya choo: hazigusani. Akapanda juu ya jiwe: zinagusana, mais fasi ingine! Akashika kichwa. Akasema mpaka tumwite Mwalimu Ézéchias. Waya mbili tu, mpaka mutu wa diplome!

Siku ya tatu, tarehe 7

Ézéchias anafundisha hesabu. Muembamba kama chaki yake. Akasema jicho inadanganya. Chini, ukichora mistari mbili zenye hazifuatani sambamba, mwisho zitakutana. Hewani hapana. Moja inaweza kupita juu ya ingine bila hata salamu.

Akaandika na makala ya jikoni kwa ukuta yangu. (Nilimwambia ataipangusa na ulimi.) Kila fasi ya waya iko na nambari tatu: upande wa barabara, upande wa mulima, na kwenda juu. Akatafuta hatua ngapi kwa waya yangu na ngapi kwa antene, ili nambari mbili za kwanza zifanane. Akapata: ine kwangu, saba kwa Bilali. Akafunga jiwe kwa uzi, akashusha. Kweli! Zote mbili juu ya sufuria yangu moja. Nikaanza vigelegele.

Akasema: Ngoja, Koko, bado nambari ya tatu. Akapima. Waya yangu, metre mbili. Antene, metre mbili na santimetre makumi sita. Hazikutani.

Vigelegele vikatoka kwa Sofia. Na huyu Ézéchias alikula viazi vyangu sahani mbili! Shefu atarudi siku ya posho asubui, kufunga maneno.

Siku ya ine, tarehe 8

Nambari ya tatu tu! Amenipa dawa yeye mwenyewe, ule mujinga. Nikamwambia Mathe, mukata miti, alete nguzo ya mikaratusi yenye kupita ile ya zamani na santimetre makumi sita. Tukaisimamisha upande wa choo. Nikapima pale katikati.

Imepanda makumi tatu! Nani aliiba zingine? Nikamutukana Mathe. Akasema: Koko, umeinua upande moja.

Siku ya tano, tarehe 9

Nguzo ya pili, upande wa jikoni. Nikavuta waya mpaka ikalia. Sofia aliuliza kwa lupango, uzio yetu, kama nataka kuanika nguo za malaika. Nikasema za malaika, ndiyo. Zako zibaki chini.

Siku ya posho, tarehe 10

Saa mbili, shefu na mwalimu. Ézéchias akaangalia udongo mupya chini ya nguzo. Akaangalia sahani ya viazi. Akapima. Nambari tatu, zote sawa. Zinakutana! Bilali akainamisha kichwa: Koko, ingia wa kwanza.

Nikapita mbele ya kumi na nane. Polepole, wanione.

Saa tatu. Kraaa. Mbali kabisa, sauti ya Rébecca: Mama! Nimezaa! Ni... kraaa.

Bilali akasema waya yangu inakunywa sauti. Koko, uishushe kidogo, dakika moja tu. Niishushe? Mbele ya shefu? Sofia aseme hazikutani? Nikasema hapana. Akaomba. Nikasema hapana. Rébecca analia kule: Mama, unanisikia? Mimi nashika kiti. Dakika zangu zikakwisha.

Bantu ba Kamango wakatoka, wakaangusha nguzo zangu zote mbili. Sauti ikakuja safi kama maji. Kumi na nane wakasema na bantu bao.

Siku ya Mungu, tarehe 11

Jana nyuma ya wote, Rébecca alirudi kwa foni kuniulizia. Mimi nilikuwa nyumbani, mulango imefungwa, kwa hasira. Sofia ndiye aliitika. Sofia anajua!

Leo baada ya misa aliita kwa lupango: Koko, sema tu hazikutani, nitakuambia ni Mumbere ao ni Masika. Alikuwa anacheka, mais macho yake yalikuwa ya kuomba. Afadhali nife.

Nimeshona kofia mbili, ya Mumbere na ya Masika.

Niko kwa mulango ya jikoni. Nimefunga jicho moja. Ile antene inagusa muti yangu ya avoka. Inagusa kabisa! Kesho asubui naenda kwa shefu.